Sahani ya Masunga na Nyota Isiyokuwa Moja

Sahani iliyorudi safi msiiamini. Naanza na hilo, nyie mnaopika kwenye makambi ya barabara na ya visima, kwa sababu najua mnavyofurahi sahani zikirudi zinang'aa. Mnasema leo nimepika. Mtu mzima mwenye afya huacha kitu: mfupa, ukoko, mchuzi kidogo pembeni. Sahani iliyolambwa ina maana mtu ana njaa ambayo wewe huijui, au aliyekula si yule uliyempa.

Nimepika makambini tangu nikiwa na mtoto mgongoni mpaka magoti yalipokataa kuchutama mbele ya mafiga. Nimepikia wachimba visima, wapima barabara, watu wa chanjo ya ng'ombe, na mara moja nimepikia watu wa nyota. Shule niliishia darasa la nne, Zagayu, nilikozaliwa. Nikaolewa Bukundi, na sasa nakaa Bariadi kwa mwanangu, ambako wajukuu wanapikia gesi na wali bado unaungua. Gesi haina kosa. Hawaendi kuangalia, wako kwenye simu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Salimu, mtu wa Tabora, mpishi wa wachimba visima. Siku ya kwanza nilifika nimejiandaa kumwonyesha ninavyosonga ugali. Akanitazama, akasema, "Kupika ulishafundishwa na mama yako. Mimi nitakufundisha kuosha vyombo." Niliona ni dharau. Nikakaa na beseni langu nimevimba mashavu.

Kumbe yule mzee alikuwa haoshi tu. Alikuwa anapokea sahani moja moja, anaigeuza kwenye mwanga kabla ya kuitia majini. "Huyu anaumwa jino, amekunywa mchuzi akaacha nyama. Huyu amegombana na bosi, ugali ameufinyanga kisha akauacha." Siku moja alimwambia msimamizi kwamba fundi wa mashine atatoroka, kwa sababu kila asubuhi anaweka mkate mfukoni. Msimamizi akacheka, akasema mzee umeanza kuagua. Haikupita wiki, fundi akaondoka na mikate yake, na koleo mbili za kampuni.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kosa langu la magadi. Niliyatia kwenye maharage kwa kiganja, kama tulivyozoea nyumbani, nikasahau kwamba magadi ya kule yalikuwa makali. Maharage yakawa uji. Wachimbaji wakala kwa kijiko na kuniita Mama Uji mpaka kisima kilipotoa maji. Mzee Salimu hakunigombeza. Aliniambia, "Magadi mapya yaonje kwanza kwa ncha ya ulimi. Kila kigeni kionje kwanza." Hilo nimelitumia kwa watu kuliko kwa magadi.

Wengi wenu miaka ya soko huria mlikuwa hamjazaliwa. Ushirika uliokuwa unanunua pamba yetu uliyumba, wakaja wanunuzi binafsi na malori, kila mmoja na mizani yake. Mradi wa visima ukaisha, na mimi nikarudi shambani kwangu Bukundi. Halafu wageni wakaanza kuingia kama kumbikumbi. Kila mgeni alikuwa na karatasi yenye mhuri, na kila mwenye karatasi alikuwa anataka kitu: pamba, mawe, wanyama wa porini, ardhi. Hakuna aliyekuja kutusalimia tu.

Msimu mmoja kijana wetu mmoja, anaitwa Jilala, alileta mnunuzi kijijini. Alimsifia sana. Mizani ya yule mnunuzi ilikuwa inalala. Gunia ambalo wanaume wawili walilibeba kwa kuugulia, likiwekwa pale linasoma kama la mtoto. Watu walipogundua, lori lilishaondoka na pamba. Jilala akabaki. Akasema na yeye amedanganywa.

Dagashida ikaitwa, yaani mkutano wetu wa wote, ule ambao sungusungu huusimamia. Jilala akatengwa. Vijana wa mjini mkisikia kutengwa mnadhani ni kununiwa. Kutengwa ni kwamba hakuna wa kukupa moto wa kuwashia jiko lako. Hakuna wa kukuazima jembe, kukuchotea maji, kukuitikia salamu, kukuzika. Na anayekupa chochote, hata kaa moja la moto, anaingia humo humo pamoja nawe. Jilala akapotea. Watu wakasema amekwenda Sola kwa wajomba zake. Kaka yake, Masunga, akabaki kijijini, kimya, mtu mkubwa kama maksai wa kulimia, anatembea anatazama chini.

Ndipo akaja Mwalimu Anjela.

Alikuja na lori, makreti ya mbao, wanafunzi wawili, na bomba jeupe nene ambalo mtoto angeweza kuingia ndani. Alisema anafundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Akaitwa mbele ya dagashida aeleze. Mkuu wa sungusungu alikuwa Mzee Ng'wandu, mtu ambaye hata mvua ikinyesha anauliza imetumwa na nani.

"Umekuja kutazama nini?" Ng'wandu akauliza.

"Nyota, mzee."

"Ngapi?"

"Moja."

Watu wakacheka. Ng'wandu hakucheka. "Huko Dar mmeishiwa nyota?"

"Dar kuna taa nyingi, mzee. Na hii iko chini sana upande wa kusini. Hapa kwenu ni tambarare, hakuna mlima wa kuifunika, na hakuna taa."

"Binti, bomba hilo linaangalia juu. Usiku likigeuzwa chini, linaona nini kwenye udongo?"

"Linaona giza, mzee."

"Na almasi je?"

Alijibu vizuri, lakini kujibu vizuri kwa miaka ile hakukumsaidia mtu. Wanunuzi wote walikuwa wanajibu vizuri. Mwisho wakampa masharti. Kila atakayelala kambini ajulikane kwa jina, maana wezi wa ng'ombe walikuwa wanajificha kwa kila mgeni. Mlinzi awe wa hapa. Na awepo mwenyeji wa kuwadhamini.

Mimi nikasimama. Msidhani niliwapenda. Nilikuwa nataka kazi, na nilikuwa nataka kuwa karibu na lile bomba nione linageuzwa wapi. Nikasema nitawapikia, na ninayempikia ninamjua.

"Wangapi?" akauliza Ng'wandu.

"Wanne. Mwalimu, wanafunzi wake wawili, na Masunga mlinzi."

"Akionekana wa tano?"

"Mninyime moto."

Nililisema mbele ya kijiji kizima. Mpishi kuapa kwa moto, ni kama mkulima kuapa kwa mvua. Sikuwa na kingine.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu kidogo. Mwalimu alikataza mwanga wowote jua likishazama. Hakuna karabai, hakuna kibatari, hata moto wa jikoni niufukie kwa majivu. Wao walikuwa na tochi ndogo waliyoifunika kwa kitambaa chekundu. Nikawa napika mapema na kugawa chakula kungali mwanga, kila mtu anaondoka na sahani yake anakotaka, asubuhi nakusanya. Nilijiambia, watu wanaokataa taa wana sababu, na sababu si nyota.

Ng'wandu alikuwa anakuja kila asubuhi kuhesabu watu. Hesabu yake ilikuwa kukaa kwenye gogo jikoni kwangu na vijana wake wa sungusungu, wanakunywa chai.

"Ng'wadila, mayu," ananisalimia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama. "Wako wangapi leo?"

"Ng'wadila, baba. Wale wale wanne. Unaongeza sukari?"

"Ongeza. Na lile bomba?"

"Linatazama juu."

"Endelea kuliangalia."

Tukaenda hivyo. Wakati huo ndipo sahani ya Masunga ilipoanza kunisumbua.

Masunga namjua tangu hajaota ndevu. Yule mtu hali mlenda. Alikuwa anasema unateleza kama uongo, unapita kooni hujauruhusu. Mimi kambini nilikuwa napika ugali wa mtama, mlenda, samaki mkavu akipatikana, na asubuhi michembe, vile viazi vilivyokaushwa. Mwanzoni sahani ya Masunga ilirudi na mlenda wake wote, kama nilivyotegemea. Halafu ikaanza kurudi imelambwa. Nikaongeza ugali. Ikarudi imelambwa. Nikaongeza tena, tonge jingine. Ikarudi inang'aa mpaka naona jino langu lililovunjika.

Na Masunga anakonda. Shati lilikuwa linamkaba shingoni, sasa linacheza. Mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari.

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa minyoo. Mtu anakula kama maksai anakonda kama mbuzi wa kiangazi, huyo ana minyoo. Nikamchemshia mizizi ya kuharisha, ile chungu ambayo mama mkwe wangu alikuwa anawapa wanaume wakorofi. Nikasimama mbele yake mpaka akamaliza kikombe.

"Mayu, hii ni nini?"

"Ni ya kukunenepesha. Kunywa."

Alikunywa. Siku ile na iliyofuata alilinda kambi kutokea kichakani. Hakulalamika hata neno. Na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi ya ukondefu. Mwanamume ambaye hana minyoo, ukimpa dawa ya minyoo, anakutukana. Masunga alikunywa kama mtu anayelipa kitu.

Sahani ikarudi imelambwa.

Nikaacha kulitazama bomba, nikaanza kumtazama Masunga.

Jioni moja Mwalimu aliniita. Giza ndiyo kwanza lilikuwa limeshika, wanafunzi wanafunga funga nyaya zao. Akaniambia, "Mama, wewe kila siku unatuangalia sisi. Leo njoo uangalie tunachoangalia."

Akanionyesha kwanza kwa macho matupu. Chini kule kusini, juu kidogo ya ardhi, kulikuwa na kijiwingu cheupe, kama pamba iliyobaki kwenye tawi baada ya kuchuma. Nilikuwa nakiona tangu utoto, sikuwahi kukiuliza jina.

"Lile si wingu," akasema. "Ni nyota, nyingi kuliko mchanga wa mto. Zote hizi zilizotuzunguka ni kama kijiji chetu. Lile ni kijiji cha jirani. Wasomi wanaita galaksi."

"Jirani wa kutembelewa?"

"Hapana, Mama. Nuru yake inayotufikia leo iliondoka kule kabla hajawahi kuwepo mtu wa kufuga ng'ombe duniani."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo mnachokitazama kinaweza kuwa hakipo?"

"Inawezekana."

"Na chuo kinakulipa."

Akacheka. Akaniweka kwenye tundu la kutazamia la bomba. Nikaona vumbi la nyota, na katikati kinukta kimoja chekundu chekundu, kidogo kuliko tundu la sindano. Akasema ndiyo hiyo. Akasema hiyo siyo moja, ni mbili.

Nikatazama tena. Nikafumba jicho hili, nikafumba lile. "Naona moja."

"Hata mimi naona moja. Hakuna mtu aliyewahi kuziona mbili. Ziko karibu mno, na mbali mno."

"Sasa nani amekuambia ni mbili?"

Nilifikiri nimemshika. Mwalimu akakaa kwenye kreti, akaniambia taratibu, na nitawaeleza nilivyoelewa mimi.

Alisema wenzao wenye darubini kubwa, kule nchi za kusini, wanaweza kuipasua nuru ya nyota kama mvua inavyoipasua nuru ya jua ikawa upinde. Walipoipasua ya hii, wakakuta rangi za nyota nzee, kubwa sana, iliyovimba na kupoa, ndiyo maana nyekundu. Hapo hakuna ajabu. Lakini ndani ya nuru ile ile kulikuwa na alama nyingine, mistari ya hewa iliyochomwa na moto mkali mno. Nyota iliyopoa haina moto wa namna ile. Haiwezi, hata ikitaka.

"Kwa hiyo kuna mwingine," akasema. "Mdogo, mweupe, mkali, amejibanza pale pale. Tena ile kubwa inapungua, Mama. Inapuliza hewa yake nje kama upepo, na yule mdogo anaidaka. Anakula kwa mwenzake. Sisi hapa tunapima inavyong'aa na kufifia, tujue wanazungukana vipi."

"Na yule mdogo akishiba?"

"Wengine huwa wanalipuka."

Nilimwambia asante, nikaenda jikoni, nikakaa gizani kwenye gogo la Ng'wandu. Kinukta kimoja, lakini nuru yake ina alama ambazo mwenyewe hawezi kuzitoa. Sahani moja, lakini mlenda umeliwa na mtu asiyekula mlenda. Na mkubwa anapungua.

Kulipokucha sikugusa sahani kwanza. Nilikwenda kwenye kuni. Masunga ndiye alikuwa ananipasulia, nikiamka nazikuta zimepangwa. Nikaokota vipande, nikavigeuza kwenye mwanga kama Mzee Salimu. Mtu anayeshika shoka kwa mkono wa kulia, pigo lake linalalia upande mmoja. Vipande vile vilikuwa vimelalia upande mwingine, karibu vyote. Bukundi nzima nilikuwa namjua mtu mmoja anayepasua kuni kwa shoto.

Nikamkuta Masunga anafunga kamba za hema.

"Masunga. Tangu lini unakula mlenda?"

"Nimezoea, mayu."

"Na kupasua kuni kwa kushoto, umezoea lini?"

Kamba ikamtoka mkononi. Akatazama nyuma ya hema lake, kwenye yale makreti matupu ya bomba yaliyopangwa. Hakuhitaji kusema. Hakuna kijiji ambamo mtu aliyetengwa angeweza kujificha, maana kila nyumba ina moto, na kila moto una macho. Alikuwa amepata mahali pamoja tu ambapo watu wenyewe wamekataza taa.

"Ni mdogo wangu Jilala, mayu. Nifanyeje? Nimtupie fisi?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungejua. Ukijua ni kosa lako. Usipojua ni langu."

"Nilisema wanne mbele ya kijiji. Nilitoa moto wangu. Wewe umekaa unampa huo moto mtu wa tano, unaninywea mizizi yangu kimya kimya kama kondoo."

"Ile mizizi, mayu," akasema, "ilikuwa mibaya sana."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikamwuliza lile lililokuwa muhimu. "Alijua ile mizani inalala?"

"Anasema hakujua."

"Nimekuuliza wewe."

Akaokota ile kamba. "Sijui. Nilisema nitamuuliza akishiba."

"Ameshiba lini?"

Nikamtazama na ule mkanda wake wa msumari. Nikamwambia Ng'wandu akija kwa chai, amtoe mdogo wake, au nitamtoa mimi.

"Watakutenga na wewe, mayu."

"Nilishatengwa siku ile mlenda ulipoliwa. Wao tu ndio hawajajua."

Nitawaeleza kwa nini sikunyamaza, maana mjukuu wangu mmoja aliniuliza. Ningenyamaza, Mwalimu angemaliza nyota yake akaondoka na makreti yake, na Jilala angebaki hana pa kujificha. Kitu kilichofichwa nyuma ya kitu kingine kina siku yake ya kuonekana. Mimi napenda siku hiyo niichague mwenyewe.

Ng'wandu akaja na vijana wake, uso umekunjamana kuliko kawaida. Akasema mchungaji mmoja ameona nyayo karibu na mto, si za mtu wa kambi. Nikamwekea chai. Sikufungua mdomo mpaka alipomaliza kikombe cha kwanza. Nikamwongezea cha pili, na vijana wake wote nikawaongezea, nikatia kuni motoni. Kisha nikasema.

"Ng'wandu, wako watano."

Akaweka kikombe chini. "Rudia."

"Nilikuambia wanne kwa sababu niliona wanne. Leo najua ni watano. Masunga, mlete."

Jilala akatoka kwenye kreti. Nilikuwa sijajiandaa. Nilitegemea kuona mtu aliyenenepa kwa chakula changu. Alikuwa mifupa, macho yake yametoka, amesimama kama anasubiri kupigwa. Chakula cha mtu mmoja kilikuwa kinatunza watu wawili, wala hakikumtosha yeyote.

Ng'wandu alishika filimbi yake. Ikipulizwa ile, kijiji kizima kinakuja mbio na marungu.

"Ngoja upulize," nikamwambia. "Kwanza niambie sheria. Anayeshiriki moto na mtu aliyetengwa?"

"Anatengwa naye. Unaijua."

"Hebu okota hicho kipande cha kuni hapo mguuni kwako."

Akakiokota. Yule mzee alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga. Amekata miti maisha yake yote. Alikigeuza, akaangalia pigo, akamwangalia Jilala mkono wa kushoto. Akaangalia mafiga yangu. Akaangalia kikombe chake.

"Tangu lini?" akauliza taratibu.

"Sijui tangu lini. Kila asubuhi ninayoijua umekunywa chai ya kuni hizi. Na hao wako."

Kijana mmoja wa sungusungu akatema chai yake chini.

"Hata ukitema," nikamwambia, "ya jana ulishaikojoa."

Ng'wandu alikaa na filimbi mkononi, hakuipuliza. Mwishowe akaifuta kwenye shati, akairudisha kifuani, akasema tu, "Dagashida, leo."

Ule mkutano ulikuwa mrefu na wa kelele. Wapo waliosema nimepanga hila na Masunga, nikawalisha wazee haramu kwa makusudi. Wapo waliosema Mwalimu ndiye aliyemleta Jilala kwa lile bomba. Mwalimu alisimama, akasema hakujua kuna mtu kwenye makreti yake, na nilimwona ameumia. Mwanamke anayetambua nyota isiyoonekana umbali ule, hakumtambua mtu aliyekuwa analala hatua chache kutoka kwake. Sikumcheka. Yeye alikuwa anatazama juu, na kutazama juu ndiyo kazi aliyokuwa amekuja kufanya.

Ilipofika kwenye hukumu, wakakwama. Wamtenge Jilala tena, ni lazima wanitenge mimi na Masunga. Wakitutenga sisi, ni lazima wamtenge Ng'wandu na sungusungu wake. Na Ng'wandu kila jioni anakula na wazee, na wake zao wameazimana moto na nusu ya kijiji. Bibi mmoja, mzee kuliko wote, aliyekuwa amelala sehemu kubwa ya mkutano, akainua kichwa.

"Basi tumetengwa sote," akasema. "Anayebaki wa kututenga ni nani? Mwende Sola mkaazime mtu."

Hapo hata Ng'wandu alicheka.

Uamuzi ukawa hivi. Masunga na mdogo wake watoe ng'ombe mmoja aliwe na kijiji, na moto urudishwe. Kuhusu mizani, hakuna aliyeweza kusema Jilala alijua au hakujua. Kijiji kikachagua jiwe, likapelekwa zahanati likapimwa kwenye mizani ya pale, tukajua uzito wake. Tangu siku hiyo kila mnunuzi aliyeingia, jiwe lilipanda mizani kabla ya pamba. Na wa kulibeba jiwe lile, msimu kwa msimu, alikuwa Jilala, kwa mkono wake wa shoto, mbele ya watu wote. Wanunuzi wawili waligeuza malori walipoliona.

Mtaniuliza, je, alikuwa na hatia? Sijui mpaka leo. Nilikumbuka maneno ya Mwalimu, kwamba mdogo anayepokea huweza kulipuka, na kila Jilala alipopandisha lile jiwe nilikuwa nasimama karibu, namtazama vidole. Sijaona kitu. Nisipoona kitu sisemi hakipo.

Mwalimu alimaliza vipimo vyake kabla ya mvua za kupandia. Alinikumbatia, akaniambia ile nyota bado haijalipuka. Nikamwambia kwa maelezo yake mwenyewe, labda imelipuka zamani na habari iko njiani.

Mimi nami nilipewa adhabu yangu, kwa kudhamini watu nisiowahesabu vizuri: kumpika yule ng'ombe, peke yangu. Nilimpika. Nikasonga na ugali, nikaweka na mlenda, kwa makusudi. Watu walikula mpaka jua linainama, kila mtu na mahali pake, hakuna wa kujificha.

Kisha nikakaa na beseni langu, nikapokea sahani moja moja, nikizigeuza kwenye mwanga. Ya Ng'wandu ilikuwa na mfupa. Ya Masunga ilikuwa na mlenda wote, haujaguswa hata kwa kidole. Nikashusha pumzi, nikammwagia mbwa.

Ya Jilala ilirudi imelambwa. Nikaigeuza kwenye mwanga mara ya pili. Nikaijaza tena, nikainuka, nikampelekea mwenyewe.